Habari za Mswaki na Watoto wa Shule

Katika darasa letu la tatu palikuwa na mtoto aliyeketi nyuma, karibu na dirisha, naye kwa muda wa mwezi mzima hakujibu swali hata moja. Alipoulizwa hesabu aliinama. Alipoambiwa asome alifunika shavu kwa mkono, akanong'ona maneno yasiyosikika. Sisi tuliokuwa walimu wake tukamhesabu kuwa mvivu, na mara mbili tukamsimamisha mbele ya wenzake apate kuona haya. Ndipo siku moja asubuhi bibi yake akaja shuleni. Tukampa shikamoo, akaitikia, akaketi, akakaa kimya kitambo, kisha akasema, "Mwalimu, mjukuu wangu halali usiku. Jino linamla." Tukamwita mtoto, tukamwambia afumbue kinywa. Gego moja la chini lilikuwa limebaki ganda tupu, na ufizi umevimba na kutunga usaha. Hatukuwa na la kujibu. Tulimwomba radhi bibi, tukamwomba na mtoto, naye siku ile ile akapelekwa kung'olewa. Juma la pili yake alikuwa wa kwanza kuinua mkono katika hesabu.

Tangu siku ile tumekuwa na hamu ya kujua habari hii: ni nani waliofikiri kwanza kwamba kumfundisha mtoto kutunza meno yake ni kazi ya shule, nao waliifanyaje, na je, walifaulu? Tumeona vema kuwaandikia wasomaji wetu tuliyoyapata.

Kwanza tusidhani kwamba wazee wetu hawakujua lolote. Neno lenyewe mswaki limekuja kwetu kutoka Kiarabu, na mti unaoitwa kwa jina hilo humea katika nchi kavu na penye udongo wa chumvi, tangu Afrika yetu hii mpaka Arabuni na Bara Hindi. Mtu huchimba mzizi wake au hukata kijiti, akakitafuna ncha mpaka nyuzi zikafumuka, akasugua meno. Waislamu wa pwani wameushika sana kwa sababu Mtume wao aliusifu, lakini hata wasio Waislamu wameutumia, na mahali ambapo mti huo haupo watu hukata vijiti vya miti mingine, au husugua kwa mkaa na chumvi. Wataalamu wa siku hizi wameuchungua, wakaona kwamba ukitumiwa kwa uangalifu husafisha vizuri, hata Shirika la Afya Duniani katika miaka ya 1980 likawahimiza watu waliouzoea wauendeleze. Na hapakuwa na haja ya kumfundisha mtoto darasani. Alimwona baba yake amesimama uani alfajiri, kijiti kinywani, naye akaokota chake.

Lakini pamoja na ujuzi huo palikuwa na mambo ya kuhuzunisha. Mtoto aliyeota meno ya juu kwanza aliitwa kigego, akahesabiwa kuwa na mkosi, na zamani katika baadhi ya makabila hakuachwa aishi. Desturi hiyo imekoma; nasi tuliotupa meno yetu ya utotoni juu ya paa, tukiomba mapya, hatukujua kwamba wenzetu wa zamani walikufa kwa ajili ya meno. Walakini imezuka nyingine ambayo haina umri wa miaka mingi. Mtoto mchanga akishikwa na homa na kuharisha, watu husema ana "meno ya plastiki", au ya nailoni, nao humpeleka kwa mtu ambaye humpasua ufizi kwa chombo kisicho safi, akamtoa vitu vyeupe. Vitu hivyo si ugonjwa wo wote. Ni meno yenyewe, yaliyo bado machanga, yangali yamefichwa katika ufizi yakingoja wakati wake. Watoto wengine wametokwa na damu nyingi, wengine wameingiwa na sumu mwilini wakafa, na homa iliyowaleta pale, ambayo pengine ilikuwa malaria, haikutibiwa. Mambo hayo yameandikwa na matabibu wa Tanzania na Uganda, si hadithi za kusikia.

Tusiwacheke sana watu hao, kwani Ulaya nako kwa muda wa karne nyingi waliamini kwamba jino huliwa na mdudu kama mnyoo. Imani hiyo ni ya kale mno, ilikuwako hata Babeli. Mfaransa Pierre Fauchard, ambaye kitabu chake cha mwaka 1728 kimemfanya aitwe baba wa utabibu wa meno, alitazama akasema hakumwona mdudu huyo. Mtu mwenye akili nyingi. Walakini yeye huyo huyo aliwashauri wagonjwa wake wasukutue kwa mkojo wao wenyewe. Hivyo ndivyo elimu inavyokwenda, hatua moja mbele na mguu mwingine ungali matopeni.

Burashi ya nywele za nguruwe ilitumika China tangu karne ya 15, na huko Uingereza mtu mmoja jina lake William Addis alianza kuziuza kwa wingi yapata mwaka 1780. Lakini wakati ule meno ya Wazungu yalikuwa yamekwisha kuharibika, na aliyeyaharibu ni sukari. Mwaka 1598 msafiri wa Kijerumani, Paul Hentzner, alimwona Malkia Elizabeth wa Uingereza, akaandika kwamba meno yake yalikuwa meusi, na kwamba Waingereza wanayo kasoro hiyo kwa kupenda sukari mno. Siku zile sukari ilikuwa chakula cha wakubwa. Baadaye ikalimwa katika visiwa vya Amerika kwa jasho na damu ya watumwa waliochukuliwa Afrika, ikawa rahisi. Na mwaka 1874 serikali ya Uingereza ilipofuta ushuru wake, hata mtoto wa maskini aliweza kuila kila siku. Basi ugonjwa wa wafalme ukashuka mpaka vibandani. Katika vita ya Afrika Kusini ya miaka 1899 mpaka 1902 vijana wengi wa Uingereza walikataliwa jeshini kwa ajili ya meno mabovu, na wengine waliokwenda hawakuweza kutafuna mikate migumu ya askari.

Maana ya kuoza ilikuwa imekwisha kujulikana. Mwaka 1890 tabibu Mmarekani, Willoughby Dayton Miller, aliyekuwa akifanya kazi Berlin, alitoa kitabu cha kueleza kwamba kinywani mna vijidudu visivyoonekana kwa macho, navyo hula masalio ya chakula cha unga na cha sukari, vikatoa uchachu, na uchachu huo ndio huyeyusha ganda la jino. Alikuwa ameweka meno yaliyong'olewa katika vichupa pamoja na mate na mkate, akayaona yamelegea. Basi mdudu wa Babeli alipatikana hatimaye, ila ni mdogo kuliko walivyodhani, wala halili jino kwa meno yake.

Hapo ndipo shule zikaanza kuingia katika habari hii. Mwaka 1902 katika mji wa Strassburg, ambao wakati ule ulikuwa chini ya Wajerumani, tabibu Ernst Jessen alifungua kliniki ya meno kwa watoto wa shule, nao hawakutozwa kitu. Mwaka 1907 ikafunguliwa nyingine Cambridge, Uingereza. Kazi hizo zilikuwa njema, lakini zilikuwa za kuziba na kung'oa. Zilimpokea mtoto alipokwisha umia. Aliyegeuza njia ni mtu wa Bridgeport, katika jimbo la Connecticut, Marekani, nasi twapenda kukaa naye kidogo.

Jina lake Alfred Fones, naye alikuwa mtoto wa tabibu wa meno. Alichoka kuziba matundu ambayo hayakupasa kuwako. Aliona kwamba utando ule laini unaoshika jino karibu na ufizi ndimo vijidudu vilimokaa, na kwamba mtu akiondolewa utando huo mara kwa mara, na kufundishwa kuuondoa mwenyewe, atapona na mengi. Lakini tabibu hana nafasi ya kuketi na mtu mmoja saa nzima kumfundisha kupiga mswaki. Basi mwaka 1906 akamchukua ndugu yake, binti Irene Newman, aliyekuwa msaidizi katika chumba chake cha kazi, akamfundisha kusafisha meno, kwanza kwa meno yaliyong'olewa, kisha kwa watu. Mwaka wa 1907 sheria ya jimbo ikaruhusu kazi hiyo ifanywe na wasaidizi. Mwezi Novemba 1913 Fones akafungua shule katika banda la magari ya farasi nyuma ya nyumba yake. Wanawake waliojiunga walikuwa 34, miongoni mwao wauguzi na walimu wa shule, na 27 wakamaliza mwaka 1914.

Mji wa Bridgeport ulikuwa mji wa viwanda, wenye wageni wengi waliotoka nchi mbalimbali za Ulaya kutafuta kazi, na watoto wao hawakuwa na lugha moja. Meno yao yalikuwa mabaya sana. Wengi hawakuwa wamepata kushika burashi. Wale mabinti wakaingia shuleni na viti vyao vya kukunjwa, wakaanza na madarasa mawili ya chini kabisa, wakisafisha meno ya kila mtoto na kuandika hali yake. Kisha likaja zoezi. Watoto walisimama kila mmoja na burashi yake, na kwa hesabu ya mwalimu wote pamoja wakasugua: upande wa kushoto, upande wa kulia, mbele, ndani, juu panapotafunia. Fones aliwafundisha kuzungusha burashi kwa duara, meno yakiwa yamefumbana, maana aliona mkono wa mtoto mdogo hauwezi kazi ya ufundi zaidi. Na namna hiyo ya duara ingali ikiitwa kwa jina lake, na watoto wadogo wangali wakifundishwa. Tena mabinti walizungumza na watoto juu ya chakula, na wazazi wakaitwa waje wasikie.

Twalipenda sana jambo moja katika kazi hii. Fones hakutaka waende shuleni kama polisi wa kinywa. Alitaka mtoto awe ameguswa na mkono usiomwumiza kabla hajapata maumivu, ili asiogope. Baada ya miaka mitano, yaani 1919, alitoa taarifa kwamba kuoza kwa magego ya kwanza ya ukubwani kumepungua kadiri ya theluthi moja katika watoto wa darasa la tano, na kwamba watoto waliorudia darasa wamepungua sana. Hapo tulipolisoma neno hilo tukamkumbuka yule mtoto wa dirishani.

Nchi ya New Zealand ilikwenda njia nyingine. Walipoandika askari kwa vita ya mwaka 1914 waliona aibu ya meno ya vijana wao, na mwaka 1921, kwa juhudi ya Thomas Hunter aliyekuwa mkuu wa matabibu wa meno wa jeshi, wakaanza kuwafundisha wasichana kwa muda wa miaka miwili wawe wauguzi wa meno katika shule, wenye ruhusa ya kuziba na kung'oa meno ya watoto. Matabibu wengine walinung'unika, lakini kazi ilienea nchi nzima, na nchi nyingine zikaiga. Walitengeneza hata picha za kijidudu kiovu walichokiita Bertie Germ, wapate kuwafundisha watoto wakicheka. Walakini mashine za kutobolea zilikuwa za zamani, nazo ziliumiza, na watoto wakakiita kile chumba cha wauguzi "nyumba ya mauaji". Watu wazima wengi wa nchi ile walikua na hofu hiyo. Kwa maoni yetu hapo ndipo palipo tofauti: mtoto wa Bridgeport alikutana kwanza na burashi, na huyu wa New Zealand mara nyingi alikutana kwanza na sindano na mashine.

Lakini tukitaka kusema kweli yote, burashi peke yake haikufanya kazi ambayo Fones aliitumaini. Uchunguzi wa miaka iliyofuata umeonyesha kwamba kusugua bila dawa ya meno yenye floraidi husaidia ufizi na kuondoa harufu, ila huzuia matundu kidogo tu. Habari ya floraidi nayo ilianza kwa ajabu. Mwaka 1901 tabibu kijana, Frederick McKay, alifika Colorado Springs, akawakuta wenyeji wana madoa ya rangi ya udongo katika meno yao, na meno hayo yenye madoa hayaozi upesi. Alitafuta sababu kwa muda wa miaka 30. Mwaka 1931 ikajulikana kwamba ni floraidi iliyo katika maji yao. Ikizidi hutia madoa. Ikiwa kidogo hulikaza ganda la jino. Mwezi Januari 1945 mji wa Grand Rapids, Marekani, ukawa wa kwanza duniani kutia kiasi kidogo katika maji ya bomba, na watoto waliozaliwa baada ya hapo walioza meno pungufu kwa zaidi ya asilimia 60. Katika miaka ya 1950 ikaanza kutiwa katika dawa za meno.

Ndugu zetu wa Arusha, Meru, na Bonde la Ufa la Kenya hawahitaji kuelezwa habari za Colorado, kwani wanazo midomoni. Maji ya volkano huko yana floraidi kupita kiasi, na magadi wanayotia katika makande na maharage huongeza tena. Mtoto mwenye meno ya kahawia huko hakosi usafi, wala asiaibishwe na mwalimu mgeni. Ni maji aliyokunywa meno yake yalipokuwa bado yanaumbwa. Huko Ngurdoto, na kwa Wakatoliki wa Nakuru, watu wamefanya kazi ya kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa, na kazi ile yastahili kuandikiwa habari yake peke yake.

Tumebakiza sukari, ambayo ndiyo shina. Katika Atlantiki ya Kusini kuna kisiwa kidogo, Tristan da Cunha, ambacho watu wake hapo zamani walikula viazi na samaki, wala merikebu hazikupita ila kwa nadra. Waliochungua meno yao katika miaka ya 1930 walistaajabu kuyaona mazima, na burashi hawana. Kisha kikajengwa kiwanda cha samaki, fedha zikaja, duka likaja, na pamoja na duka unga mweupe, sukari na peremende. Mwaka 1961 mlima wa moto ulipowafukuza watu wakahamishiwa Uingereza, matabibu waliwatazama tena, wakawakuta watoto wana meno yaliyooza sana. Na Norwe, wakati wa vita iliyokwisha 1945, sukari ilipokuwa kwa kipimo, meno ya watoto yalipata kuwa mazuri kuliko kabla ya vita. Nabii Amosi naye alitaja meno safi, lakini yeye alimaanisha njaa. Hatungependa kuyapata kwa njia hiyo.

Sisi huku hatuko mbali na Tristan da Cunha. Zamani utamu wetu ulikuwa asali na muwa, nao ulikuja kwa msimu. Sasa hakuna kijiji kisicho na duka, na hakuna duka lisilo na pipi katika chupa mlangoni, mahali ambapo macho ya mtoto hufika kwanza. Mama humpa mtoto anayelia soda katika chupa ya kunyonya. Mtoto huenda kulala na chai ya sukari kinywani. Wala si kiasi peke yake kiletacho madhara, bali ni mara ngapi. Kwani kila mara utamu unapoingia, vijidudu vya Miller huanza kazi, na jino halipati nafasi ya kupumzika. Kipande kimoja baada ya chakula si sawa na pipi ya kunyonywa mchana kutwa.

Shuleni kwetu tumeanza zoezi la Fones, ila kwa namna yetu. Kila mtoto huja na burashi yake, au kijiti cha mswaki kama burashi haikupatikana, na wale wadogo hupewa dawa ya floraidi kiasi cha punje ya njegere, si zaidi, maana humeza. Tumewaambia wazazi kwamba mtoto ambaye hajafikia miaka saba au minane asiachiwe peke yake, mkono wake bado ni mzito. Mkubwa ayasugue meno yake tena usiku, kabla ya kulala, kisha asipewe kitu ila maji. Wazazi wengine walitucheka, wakisema mwalimu ameacha hesabu akafuata vinywa. Bibi yule hakucheka. Alikuja na mche wa mswaki aliouchimba mwenyewe, akaupanda karibu na dirisha lile, akauzungushia miiba kwa sababu ya mbuzi. Mbuzi wameuingia mara mbili. Sasa umefika kimo cha mtoto wa darasa la kwanza, nasi tumewakataza watoto wasiukate mpaka upate nguvu, ingawa asubuhi nyingine twaona kitawi kimoja hakipo.